Maadili Ndani ya Kipimo: Hoja Kuhusu Chama cha Wapima Poligrafu

Poligrafu haipimi uongo. Hupima pumzi kwa mirija inayozungushwa kifuani na tumboni, mapigo ya moyo na shinikizo la damu kwa kitambaa kinachofungwa mkononi, na jasho la vidole kwa vipande vidogo vya chuma. Uongo hauna alama yake ya pekee mwilini. Mwenye hofu, mwenye hasira na mwenye aibu hutokwa na jasho lile lile. Mtu ndiye anayegeuza mistari ya kwenye kompyuta kuwa uamuzi. Ndiye anayefanya mahojiano ya awali, anayetunga maswali, anayechagua maswali ya kulinganishia, anayeamua mstari upi umepanda vya kutosha, na mara nyingi ndiye anayebaki chumbani na mpimwaji akimwambia kwamba ameshindwa na sasa aseme kweli. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba katika kazi hii maadili ya mpimaji ni sehemu ya kipimo chenyewe. Chama cha wapimaji kikiundwa ili kuwalinda wanachama wake kuliko yule anayefungwa mirija, kitakuwa kimeharibu kifaa kabla hakijawashwa.

Tumtazame kwanza anayepimwa. Hapa Msasani, Dar es Salaam, kuna balozi, hoteli, ofisi za kampuni na nyumba zenye kuta ndefu, na nyuma ya kila geti kuna mlinzi, mpishi, dereva na dada wa kazi. Ng'ambo ya mji, Kurasini na Chang'ombe katika Temeke, kuna maghala, bohari za mafuta na viwanda. Hawa ni watu walioshika funguo za mali isiyo yao, na kitu kikipotea wao ndio huulizwa mwanzo. Mwajiri akitaka wapimwe kwa poligrafu, yeye ndiye hulipa ada, ndiye humteua mpimaji, na ndiye hupokea ripoti. Mpimwaji hana wakili, aghalabu hana chama cha wafanyakazi, na akikataa, kukataa kwake kunahesabiwa kuwa jibu. Mpimaji anayerudi na mtu aliyekiri huitwa tena. Anayerudi na karatasi inayosema kwamba chati hazitoshi kutoa uamuzi hana hakika ya kuitwa. Simtuhumu mtu yeyote ninaposema haya. Ninaeleza jinsi soko linavyosukuma, na msukumo huo hautazuiwa na kiapo cha uaminifu kilichotundikwa ukutani.

Sheria zetu hazijamwacha mtu huyu bila ngao. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inalinda faragha na nafsi yake, na Ibara ya 13(6)(b) inakataza mshtakiwa wa jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri athibitishe kwamba sababu ya kumwachisha mtu kazi ni halali na kwamba utaratibu ulikuwa wa haki. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, husikiliza migogoro hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazigusa chati za poligrafu moja kwa moja, maana mpimaji makini huuliza habari za dawa, ujauzito na maradhi ya moyo kabla ya kuanza. Lakini hizi ni ngao za jumla. Vinasaba vilipoanza kuamua nani baba wa mtoto na nani alikuwepo mahali pa uhalifu, Bunge lilivitungia sheria yake mwaka 2009. Poligrafu haina sheria ya namna hiyo, na mpaka itakapotungwa, kanuni za chama ndizo zitakazoamua kinachotendeka mle chumbani.

Kanuni ya kwanza ya chama hicho, kwa maoni yangu, iwe kukataa kupima watu kwa makundi. Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti ndefu kuhusu kipimo hiki. Lilikiri kwamba katika tukio mahususi, kwa watu wasiofundishwa kukihadaa, poligrafu hutenganisha mkweli na mwongo vizuri kuliko kubahatisha, ingawa iko mbali na ukamilifu. Kisha likafanya hesabu ambayo kila mkuu wa rasilimali watu angepaswa kuijua. Chukua wafanyakazi 10,000, kumi wakiwa majasusi, na ukadirie usahihi ambao wapimaji wenyewe wangejivunia. Ukiweka kiwango cha kuwanasa majasusi wanane, utawaangusha pia watu 1,598 wasio na kosa, na majasusi wawili watapita wakipewa mkono wa kheri. Hesabu hiyo haitokani na ubovu wa mashine. Wenye hatia wanapokuwa wachache kati ya wengi, hata kosa dogo la kipimo huwaangukia wasio na hatia kwa mamia. Wala jasusi anayepita si wa kubuni: Aldrich Ames, ofisa wa CIA aliyekuwa akiwauzia Warusi siri, alipimwa mwaka 1986 na 1991 akapita mara zote mbili.

Jirani zetu wa Kenya walilikaribia jambo hili kwa njia ya wazi. Siku ya Madaraka, Juni 1, 2018, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wakuu wa ununuzi na uhasibu serikalini wahakikiwe upya, na poligrafu iwe sehemu ya uhakiki huo. Hasira iliyozaa agizo hilo ninaielewa, kwani fedha za umma zilikuwa zimeibwa na wananchi walitaka kuona hatua. Lakini hilo ndilo kundi la hesabu ya 2003: watu wengi, hakuna swali moja mahususi kwa kila mmoja, na kazi ya mtu iko rehani. Chama chenye uti wa mgongo kingemwandikia Rais kwa heshima kumweleza kwamba wanachama wake hawataifanya kazi hiyo. Ndiyo maana nasisitiza muundo. Chama kinachoishi kwa ada za wapimaji na kuongozwa na wapimaji watupu hakitaandika barua hiyo, kwa kuwa agizo kama lile ni neema kwa biashara yao.

Nidhamu basi isikae mikononi mwa wanachama peke yao. Mfano tunao nyumbani: mashauri ya nidhamu ya mawakili hupelekwa mbele ya Kamati ya Mawakili, ambayo mwenyekiti wake ni Jaji wa Mahakama Kuu. Baraza la wapimaji liwe na walio wengi kutoka nje: mwanasheria wa kazi, daktari, mtaalamu wa takwimu, na mtu aliyetumwa na vyama vya wafanyakazi, pamoja na mwakilishi wa wafanyakazi wa majumbani, ambao ndio walio mbali zaidi na msaada wa sheria. Kila kipimo kirekodiwe kwa picha na sauti tangu salamu hadi kuagana, na chati zisomwe mara ya pili na mpimaji mwingine asiyejua jina la mpimwaji wala matokeo ya kwanza. Ada isifungamane na matokeo hata kidogo. Maswali yaulizwe katika lugha ambayo mpimwaji huota kwayo usiku; mlinzi anayejibu kupitia mkalimani anapimwa wasiwasi wa kutoelewa. Mpimwaji apewe nakala ya ripoti siku ile ile anayopewa mwajiri.

Katika haya tunaweza kuazima kutoka kwa Wamarekani kwa kiasi. Sheria yao ya mwaka 1988 iliwazuia waajiri wengi wa sekta binafsi kuwapima wanaoomba kazi. Iliagiza pia kwamba palipo na upotevu halisi unaochunguzwa, mfanyakazi apewe maelezo ya maandishi saa 48 kabla, kipimo kisipungue dakika 90, na mpimaji asivuke vipimo vitano kwa siku. Ukomo huo wa siku naupenda hasa, kwa sababu unakata mzizi wa biashara ya kupanga watu foleni. Ni kweli pia kwamba sheria hiyo iliiacha Serikali yenyewe nje ya masharti, na kasoro hiyo tusiiige.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wanasayansi wanaosema kwamba chama kinakipa heshima kifaa kisichostahili, na kwamba afadhali kipigwe marufuku. Nalichukulia kwa uzito, na kwa upimaji wa makundi nimeshakubaliana nao. Kwa tukio mahususi nasita, kwa sababu ya yale pwani hii imeyapitia. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli cha Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kilichochapishwa mwaka 1903, kinataja viapo vya kumtafuta mwizi, na Wamijikenda walikuwa na kiapo cha shoka lililotiwa motoni. Utawala wa kikoloni ulivikataza viapo vya namna hiyo. Hamu ya kupata jibu kutoka mwilini mwa mtuhumiwa haikufa kwa katazo. Ilihamia kusiko na shahidi. Mwajiri aliyeibiwa na asiye na njia iliyo wazi atamtafuta mganga, au askari atakayempiga dada wa kazi. Kipimo kilichorekodiwa, chenye haki ya kukataa na rufaa, hakimfikishi binti huyo huko.

Wengine watauliza chama cha hiari kitafanya nini mpimaji aliyefukuzwa akifungua ofisi mtaa wa pili. Chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama hakiwezi kumfungia mlango. Kinachoweza ni kuifanya ripoti yake ikose thamani. Afrika Kusini, ambako poligrafu imeenea sana kazini, tume yao ya usuluhishi, CCMA, imeshikilia kwamba matokeo hayatoshi peke yake kumthibitishia mtu kosa. CMA yetu ikichukua msimamo huo, na ikaongeza kwamba haitaitazama ripoti yoyote isiyoambatana na rekodi kamili, usomaji wa pili na jina lililomo katika daftari la chama, waajiri wenyewe wataacha kumlipa aliyefukuzwa. Daftari hilo liwe wazi kwa umma, na liwe na ukurasa wa walioondolewa, kosa la kila mmoja na tarehe ya uamuzi, likipelekwa CMA na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kila linapobadilika.