Mafao ya Mfanyakazi Anayeugua Akili

(Mazungumzo yaliyotolewa Galula mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya jambo ninalolijua vizuri. Ninalolijua vizuri ni karatasi, maana nilianza kazi masjala na nikastaafu nikiwa ofisa utumishi. Nimeona nizungumzie karatasi za mtu ambaye katika mikutano kama hii huwa hatumtaji: mfanyakazi aliyeugua akili hata kazi ikamshinda. Je, anastahili kitu? Akinyimwa, afanye nini? Miongoni mwetu wapo wenye ndugu wa namna hiyo nyumbani. Mimi ninaye.

Kwanza niseme wazi, asije mtu akapanda gari la Mbalizi bure. Hapa Tanzania Bara hakuna posho ya Serikali anayolipwa kila mwezi kila mwenye ulemavu kwa sababu tu ana ulemavu. Wenzetu wa Kenya wanao mpango wa Inua Jamii, unaowapa fedha watu wenye ulemavu mkubwa. Kwetu sisi TASAF, katika awamu iliyozinduliwa Februari 2020, iliweka ruzuku kwa kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu, lakini hilo ni jambo la kaya na la kuandikishwa kijijini. Fao lenyewe hutoka katika mfuko uliochangiwa. Mkulima wa mpunga wa hapa Galula, au mchimbaji mdogo wa Saza ambaye hakuchangia mfuko wowote, hana mlango huo, na mimi sitamdanganya.

Ninayemsemea leo ni aliyeajiriwa. Wa sekta binafsi huenda NSSF. Mtumishi wa umma huenda PSSSF, uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganishwa PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Na kama ugonjwa umeletwa na kazi yenyewe, upo WCF, unaotokana na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Dereva aliyeponea katika ajali iliyowaua wenzake, kisha akawa hasikii honi bila kutetemeka, asidhani kwamba huo ni woga. Mwaka 2010 Shirika la Kazi Duniani liliyaingiza magonjwa ya akili, pamoja na lile linalotokana na mshtuko mkubwa, katika orodha yake ya magonjwa ya kazi. Kuthibitisha ni shughuli nyingine, lakini kudai si aibu.

Tuchukue pensheni ya ulemavu ya NSSF. Mwanachama awe amepoteza kwa kudumu angalau theluthi mbili za uwezo wake wa kujipatia kipato, na hilo huthibitishwa na bodi ya madaktari. Hali kadhalika awe amechangia miezi 180. Au kama hakufika huko, angalau miezi 36, ambayo 12 kati yake iwe ndani ya miaka 3 kabla ya ulemavu kuanza. Nawaomba myashike maneno hayo ya mwisho: kabla ya ulemavu kuanza. Mfuko wa mdogo wangu ulikuwa na sharti la namna hiyo hiyo, na ndilo lililotutesa.

Mdogo wangu alikuwa karani wa mizigo Tunduma, kwa mwajiri ambaye sina haja ya kumtaja. Alifanya kazi miaka 8 na makato yake yalikwenda kila mwezi. Kisha akaanza kutolala. Akawa anagombana na madereva, anasema wanamwita jina usiku kutoka ng'ambo ya mpaka. Nyumbani wakasema malaria imempanda kichwani. Zahanati nayo ikaandika malaria. Baadaye akapelekwa kwa mganga, kisha kwenye maombi. Simcheki mtu hapa. Mwenye mgonjwa hubisha kila mlango. Mimi nilikuwa kazini Tabora, habari zilinifikia zikiwa zimeiva.

Lakini wakati milango hiyo inabishwa, kule kazini siku zilikuwa zinahesabiwa. Kanuni za ajira huchukulia kukosa kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa wala sababu ya maana kuwa kosa la kumwachisha mtu kazi. Akaandikiwa barua ya utoro, na hakuna aliyeijibu. Kumbe Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara. Siku hizo hazimfuati mtu nyumbani. Lazima cheti cha daktari kimfikie mwajiri, na mgonjwa wa akili hawezi kukipeleka mwenyewe. Pengine anaamini huyo mwajiri ndiye anayemwinda. Cheti kipelekwe na ndugu, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.

Aliyeachishwa ana siku 30 za kulalamika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Zikipita, aombe kuongezewa muda na kueleza sababu. Ugonjwa ni sababu.

Tulipomfikisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, ilikuwa miezi 27 tangu mchango wake wa mwisho. Daktari alimpima vizuri na akatujazia fomu. Kwenye nafasi ya tarehe ya kuanza kwa ulemavu ikaandikwa siku ile ile ya kufika Mbeya. Jibu la mfuko likarudi: hastahili. Na kwa karatasi walizokuwa nazo walihesabu sawasawa. Toa 27 katika 36 unabaki na 9, nasi tulitakiwa tuwe na 12. Mtu amechangia miaka 8, anaanguka kwa miezi 3!

Mama alitaka tuache. Alisema Serikali imeshasema. Nikamwambia, mama, waliosema ni karatasi, tuwapelekee nyingine.

Tukatafuta kila kilichoandikwa zamani. Daftari la zahanati lilisema malaria, ndiyo, lakini pembeni muuguzi alikuwa ameandika kwamba mgonjwa halali siku ya tano na anaongea peke yake. Mungu ambariki popote alipo. Karatasi ya pili ndiyo sikuitarajia: barua ya onyo ya mwajiri. Ilieleza kwa tarehe kwamba karani huyu amebadilika, anafokea wateja pasipo sababu, anaandika hesabu zisizoeleweka, ilhali miaka yote alikuwa mtu wa kutegemewa. Barua iliyoandikwa ili kumfukuza ikawa ushahidi wa siku alipoanza kuugua. Tukaongeza barua ya Mtendaji wa Kijiji. Daktari wa Mbeya akazisoma zote, akaandika kwamba ugonjwa ulianza kabla ya mchango wa mwisho, wala si siku alipofika kwake. Ombi likarudi mezani. Ilichukua miezi 14, na alilipwa.

Sasa niwaambie juu ya bodi ya madaktari, maana huko wengi huangukia. Aliyekatika mguu haupati mguu siku ya bodi. Mgonjwa wa akili ana siku nzuri na siku mbaya, na siku ya bodi ndiyo tunamwogesha, tunamvalisha shati lililopigwa pasi, tunamwambia ajibu kwa adabu. Akiulizwa hali anasema njema. Mwacheni aende kama alivyo, na aende na mtu anayeishi naye. Mtu huyo awe na daftari la miezi kadhaa: tarehe fulani alitoka usiku akapatikana mtoni Songwe, tarehe fulani hakula siku 2, wiki nzima hakuweza kuhesabu chenji ya dukani. Vilevile mwombeni daktari asiishie kwenye jina la ugonjwa, iwe sonona au skizofrenia. Aandike mtu huyu anashindwa nini, tangu lini, na kwamba dawa zimejaribiwa. Jina la ugonjwa peke yake haliiambii bodi theluthi mbili imekwenda wapi.

Msidhani ni sisi tu tunaopata taabu hii. Mwaka 2017 serikali ya Uingereza ilibadili kanuni za posho ya walemavu, hivyo anayeshindwa kutoka nyumbani kwa sababu ya dhiki ya akili akawa anapewa alama chache kuliko anayeshindwa kwa sababu nyingine. Mgonjwa mmoja aliipeleka serikali Mahakama Kuu, na Desemba mwaka huo mahakama ikasema kanuni hiyo ni ya kibaguzi. Januari 2018 serikali ikatangaza kwamba haitakata rufani. Kwetu pia, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inautambua ulemavu unaotokana na akili kama unaotokana na mwili. Ofisa akikuambia "mbona anatembea", mwonyeshe sheria hiyo, kwa heshima.

Juu ya rufani: ukipata barua ya kukataliwa, tunza na bahasha yake, andika tarehe uliyoipokea, na siku hiyo hiyo uliza una siku ngapi za kujibu. Omba sababu kwa maandishi. Kama tatizo ni bodi, omba apimwe upya. Kwa WCF sheria yenyewe imepanga ngazi: mapitio kwa Mkurugenzi Mkuu, kisha Waziri, kisha Mahakama ya Kazi. Asiye na fedha za wakili aulize wasaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na hawatozi. Na yule kijana wa stendi anayejua mtu ndani ya ofisi, mpe soda aende zake.

Limebaki moja, nalo ni chungu. Fao likitoka, ndugu huongezeka. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inairuhusu mahakama kumteua mtu wa kusimamia mali ya mgonjwa asiyejiweza. Sisi tulikwenda huko, ingawa wajomba walinung'unika, na mteule ni dada yetu. Kila mwezi anamwonyesha mdogo wangu daftari la matumizi. Siku akiwa mzima anamkosoa hesabu.

Ninazo nakala 20 za fomu hapa, na mwalimu wa zamu ameniruhusu kukaa chini ya mwembe baada ya chakula mpaka gari la jioni. Mwenye barua ya kukataliwa aje nayo. Asiyependa kuonekana, Mkuu wa Shule ametupa chumba cha maktaba, mlango wa nyuma.