Ardhi Inayojificha Kiangazi: Maelezo kwa Wakazi Kabla ya Matembezi ya Bwawa la Nairobi



Jina la mtaa huu wa Kibera linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Miti mingi imekwisha, lakini huku bondeni mimea bado ina habari za kutupa, hasa baada ya mvua ndefu.

Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya jiji. Wazee wanakumbuka mashua za tanga zikishindana hapa. Kijana wa leo akiambiwa hivyo hucheka. Bwawa hulishwa na Mto Motoine, ambao hupita Msitu wa Ngong Road kisha Kibera ukizoa kila kitu kinachotupwa njiani. Ukishatoka bwawani huitwa Mto Ngong, nao huelekea Industrial Area na Mukuru.

Mtakachokiona kwanza ni gugumaji. Ua lake la zambarau linapendeza kweli. Asili yake ni Amerika Kusini, na likipata maji yenye uchafu wa vyoo huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Kulivuna pekee hakutoshi iwapo maji machafu yataendelea kuingia, kwa sababu hicho ndicho chakula chake.

Ukingoni kuna matete, mafunjo na jamii ya ndago. Chukueni shina la ndago mlizungushe kati ya vidole viwili: lina pembe tatu. Mafunjo nayo ni vivyo hivyo, kwa kuwa ni ndugu. Tete ni la mviringo, na ndani lina uwazi.

Hapa ndipo mkazi anapaswa kutazama kwa makini. Januari na Februari, mengi ya majani haya hukauka, mengine hukatwa au kuchomwa, na ardhi huonekana kama kiwanja kizuri, tambarare, tena karibu na barabara. Mtu hukiuza, mwingine hupiga mabati. Lakini mizizi na vinundu vimelala chini vikisubiri. Mvua ikinyesha, tete huchipuka hata kando ya ukuta, na maji hufuata. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia katika mitaa ya kando ya mito, serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 za mito wahame. Kwa familia iliyokwisha kulipa kodi na kununua mabati, kuambiwa hivyo wakati nyumba imejaa maji ni kuchelewa sana. Afadhali aulize mapema: je, hapa mwezi wa tano huota nini?

Mmea mwingine ni nduma. Wengi huinywea chai asubuhi, na tope la mtoni huipenda. Tatizo ni kwamba mimea inayoota kwenye maji machafu huweza kufyonza madini mazito kama risasi. Kuchemsha huua vijidudu vya kinyesi, lakini hakuondoi risasi, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo. Kwa hiyo mulizeni mama mboga nduma zake zimetoka wapi. Aliye mwaminifu hatakasirika. Pengine naye hununua bila kuuliza. Sukuma wiki inayomwagiliwa maji ya mto huu nayo iulizwe vivyo hivyo.

Vaeni gambuti. Mwenye kidonda asiguse maji, na kila mmoja anawe kwa sabuni mtakaporudi. Chukueni picha za mimea mnavyopenda, ila msing'oe matete wala mafunjo, maana mizizi yake huzuia ukingo usimomonyoke. Watoto watembee upande wa juu wakiwa wameshikwa mkono. Kutoka mbali gugumaji hufanana na uwanja wa mpira uliostawi nyasi, na mtoto huweza kulikanyaga akidhani ni nchi kavu.