MAELEZO YA KATIBU KWENYE MKUTANO WA TAWI: AJIRA YA SHILINGI NGAPI?

Kwa waliokosa mkutano, haya ndiyo tuliyosema.

Tunasema viwanda vitaleta ajira. Ni kweli, lakini tuulize: ya shilingi ngapi? Amri ya Mishahara ya 2022, iliyoanza Januari 2023, iliweka kima cha chini cha viwandani 150,000 kwa mwezi. Kilimo 140,000. Benki 592,000, karibu mara nne ya kiwandani. Kwa viwango hivyo, kijana aliyeacha jembe aje kupanga chumba mjini aliongeza 10,000 tu. Ukikata asilimia 10 ya NSSF, alibaki na 135,000.

Ujerumani kiwandani hulipa kuliko hotelini, tena juu ya wastani wa nchi. Si mashine peke yake. Chama cha wafanyakazi cha IG Metall hujadili mikataba ya sekta nzima, mfanyakazi haachwi peke yake mbele ya tajiri.

Kwa hiyo tunaomba wanachama wa viwandani walete hati za mshahara tawini, tuzilinganishe na amri inayotumika sasa. Wasio na chama cha wafanyakazi wajiunge. Kima cha chini ni pa kuanzia, tusikubali kikawa pa kuishia.

Katibu wa Tawi