Ngamia wa Jabir: Kuomba Ruzuku ya Utafiti wa Uzamifu Ng'ambo

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Tarawehe. Tumeyachapisha kama yalivyosemwa, kwa kuyapunguza kidogo.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (SWT), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake. Ama baad.



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengine watasema halina uhusiano na Ramadhani: namna mwanafunzi wa shahada ya uzamifu, yaani PhD, anavyoomba ruzuku ya kwenda kufanya utafiti nchi ya nje. Mimi naona uhusiano upo. Mwezi huu ndio ulioteremshwa Qur'ani, na neno la kwanza lilikuwa amri ya kusoma.

Mara nyingi tukizungumzia safari ya elimu tunataja ile kauli ya kuitafuta elimu hata China. Wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha. Basi tuiache, maana tunacho kisa kilicho bora zaidi.

Sahaba Jabir bin Abdullah (RA) alipata habari kwamba kuna mtu aliyeisikia hadithi moja kutoka kwa Mtume (SAW), hadithi ambayo yeye hakuisikia. Mtu huyo alikuwa Abdullah bin Unays, naye alikuwa mbali, nchi ya Sham. Jabir akanunua ngamia, akafunga mizigo, akasafiri mwezi mzima. Alipofika akamwambia mwenzake kwamba alichelea mmoja wao asije akafa kabla hajaisikia hadithi ile. Akaisikia, na leo sisi tunayo. Imam Bukhari ameipokea habari hii katika kitabu chake cha Al-Adab al-Mufrad.

Sasa hebu tukitazame kisa hiki kwa jicho la mwombaji wa ruzuku. Jabir alikuwa na swali moja. Alijua jibu lake liko kwa nani na liko wapi. Alijua kwa nini aende wakati ule asingoje. Alijua gharama, ni ngamia mmoja na mwezi wa safari. Na alichokipata hakukificha. Ndugu zangu, kila fomu ya ruzuku niliyowahi kuiona inauliza mambo hayo hayo matano. Lugha inabadilika, kurasa zinaongezeka, lakini maswali ni hayo.

SWALI MOJA

Mimi mara ya kwanza niliomba nikakosa. Niliandika kwamba nataka kutafiti historia ya Uislamu Afrika Mashariki, kwa miezi kumi na miwili. Nilidhani kichwa kikiwa kikubwa watavutiwa. Baadaye msimamizi wangu akaniuliza: "Ukishuka kwenye ndege, Jumatatu asubuhi utafungua jalada gani?" Sikuwa na jibu. Hapo nikafahamu kwa nini nilikosa.

Basi tuchukue mfano unaotuhusu sote hapa. Mwaka 2005 na tena mwaka 2010, wakati wa kura za maoni za katiba, Wakenya walibishana sana juu ya Mahakama ya Kadhi. Sisi tulisema: haki hii tuliahidiwa kabla ya uhuru. Ni kweli. Oktoba 1963 Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, waliandikiana barua ambamo Kenya iliahidi kuhifadhi mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine, na Waislamu kupata uhuru wa dini yao. Hilo lilikuwa sehemu ya makubaliano ya kuunganisha ukanda wa maili kumi wa Pwani, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na Kenya. Kabla yake, mwaka 1961, Sir James Robertson alitumwa aje kusikiliza maoni ya watu wa Mwambao.

Sote twaijua ahadi. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua ilivyopatikana? Ni maombi ya nani yaliyosikilizwa mwaka 1961, na ya nani yaliyowekwa kando? Kati ya barua za raia na maneno yaliyotiwa saini, nini kiliongezwa na nini kilipunguzwa? Hilo ni swali moja. Mtu anaweza kulijibu kwa tasnifu moja, na ajuaye jibu lake ataweza kusimama mbele ya wanasheria.

KWA NINI HUKO NA SI HAPA?

Hili ndilo swali linaloangusha wengi. Kamati haitoi pesa ili ukaone London. Inatoa kwa sababu unachokihitaji hakipatikani ulipo. Kwa hiyo anza nyumbani. Nenda kwanza kwenye Nyaraka za Kitaifa, pale Moi Avenue, Nairobi. Andika ulichokiona na ulichokikosa. Ukisema nimekwisha kusoma vya hapa, na pengo ni hili, maombi yako yanapata uzito.

Katika mfano wetu, nyaraka zimetawanyika. Upande mmoja wa makubaliano ulikuwa Serikali ya Zanzibar, kwa hiyo kuna haja ya kwenda kwenye nyaraka za Zanzibar, pale Kilimani. Na huko pia ni nchi ya nje. Vijana wengi wakisikia ng'ambo wanafikiria ndege ya Ulaya, wakasahau jahazi la babu zao.

Upande mwingine ni Uingereza. Barua za Wizara ya Makoloni kuhusu Afrika Mashariki ziko katika nyaraka za taifa za Uingereza, mtaa wa Kew, London, chini ya alama CO 822. Na kuna jambo zaidi. Mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza, serikali hiyo ilikiri kuwa ina maelfu ya majalada yaliyoondolewa kwenye makoloni ikiwa ni siri. Ya Kenya pekee yalikuwa kama 1,500. Majalada hayo yakahamishiwa Kew na kufunguliwa kwa wasomaji, chini ya alama FCO 141. Orodha unaweza kuipekua kwenye intaneti ukiwa hapa hapa. Basi usiandike "nitatafuta nyaraka husika". Andika namba za majalada, moja baada ya moja. Hapo umejibu lile swali la Jumatatu asubuhi.

NANI ANATOA?

Soma masharti kabla ya kitu kingine chochote. Kuna kijana aliyepoteza miezi mitatu akiandika maombi ya Fulbright-Hays, ruzuku inayotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1961. Ni ruzuku ya utafiti wa tasnifu hasa, lakini imewekwa kwa raia wa Marekani na wakaazi wa kudumu wa huko. Angelisoma ukurasa wa kwanza asingechoka bure.

Kwa mwanafunzi aliyesajiliwa chuo kikuu cha hapa kwetu, Jumuiya ya Madola imekuwa na udhamini wa kugawanya masomo: unabaki mwanafunzi wa chuo chako, shahada unapewa na chuo chako, lakini unakaa hadi miezi 12 katika chuo cha Uingereza. Wajerumani wana DAAD, wenye ofisi Nairobi. Na kwa wanaosomea anthropolojia, Wenner-Gren ya New York husaidia utafiti wa tasnifu bila kujali uraia wa mwombaji. Masharti na tarehe hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako wewe, usitegemee alichoambiwa kaka yako. Na anza mwaka mzima kabla ya kusafiri. Barua ya chuo cha wenyeji wako, mtihani wa Kiingereza, vibali, visa, vyote hivyo vinakula wakati. Utafiti Tanzania una kibali chake kutoka COSTECH, na Zanzibar ina utaratibu wake.

Na faida moja kwetu Waislamu: ruzuku si mkopo. Hakuna riba ndani yake. Lakini isikudanganye ukadhani haina deni. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini.

AMANA

Mnajua ile hadithi aliyoifuata Jabir ilihusu nini? Ilihusu haki za watu Siku ya Kiyama. Kwamba mtu hataingia Peponi ikiwa bado kuna mja anayemdai dhuluma, hata kama ni kofi moja, mpaka haki hiyo ilipwe. Mwezi mzima juu ya ngamia, kwa ajili ya somo hilo!

Sasa ukae ujaze bajeti. Rafiki atakwambia: "Ongeza, hao ni matajiri, hawatajua." Ukweli ni kwamba pale Kew kuingia ni bure, kadi ya msomaji ni bure, na kupiga picha nyaraka kwa kamera yako mwenyewe ni bure. Ukiandika maelfu ya pauni za kunakili, kwanza umeongopa, na pili umejionyesha hujui unakokwenda, maana anayesoma fomu yako huenda amekaa pale miaka. Andika nauli ya kweli, chumba cha bei ya kweli, bima, visa, usafiri wa kila siku. Bajeti ya kweli haina haya.

Jambo la pili ni barua za mapendekezo. Kuna mazoea mabaya ya mwalimu kusema: "Andika mwenyewe, niletee nitie sahihi." Ndugu yangu, huo ni ushahidi, na aliyeombwa ushahidi ni yeye. Mrahisishie kazi: mpe muhtasari wako, mpe pendekezo la utafiti, mpe orodha ya uliyoyafanya darasani kwake, na mpe wiki nne, si siku mbili. Kisha mwache aandike. Nimeona hata walimu wenye shughuli nyingi wakikubali wakiombwa hivyo.

Jambo la tatu ni sharti la kurudi. Udhamini mwingi, ule wa Jumuiya ya Madola mmojawapo, unataka urudi kwenu baada ya muda wako. Ukitia sahihi huku moyoni umekwisha kuamua kuzamia, basi umeapa uwongo kwa kalamu. Na unamfungia mlango kijana atakayekuja nyuma yako kutoka chuo hicho hicho.

WAZAZI NA WAKE ZETU

Niseme neno kwa familia. Msimwache mwanafunzi aje na visa mkononi ndipo nyumba ianze kutetemeka. Kijana aliyeoa akae na mkewe kabla ya kujaza fomu: nani atalipa kodi ya nyumba, watoto watabaki na nani, ni miezi mingapi. Na kwa dada zetu, najua swali la mahram lipo na wanazuoni wana maelezo yao. Liulizeni mapema kwa sheikh mnayemwamini, mbele ya baba na mama, mkitazama safari yenyewe ilivyo: mahali pa kukaa, wenyeji, muda. Nimeona binti mwenye akili sana akinyamaza kwa woga mpaka tarehe ikapita. Hakukatazwa na mtu, hakuuliza tu.

MKIKOSA

Wengi watakosa mara ya kwanza. Istikhara mswali, na dua za mwezi huu mzizidishe, lakini mnakijua kisa cha yule aliyeuliza kama amwache ngamia bila kumfunga kwa kumtegemea Mungu, naye Mtume (SAW) akamfundisha amfunge kwanza. Ukikosa, omba maoni ya waliosoma kama yanatolewa. Mpe fomu yako mtu asiye wa fani yako, mjomba wako mwenye duka kwa mfano. Akishindwa kukueleza unachotaka kukifanya, kosa si lake. Mimi fomu yangu ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza, na hiyo ndiyo iliyokubaliwa.

Nanyi wenye uwezo mlio hapa, kabla ya ruzuku kubwa ya ng'ambo huwa kuna gharama ndogo inayowakwamisha vijana: nauli ya kwenda Nairobi kusoma nyaraka kwa wiki mbili, ada ya mtihani wa lugha. Mkimtolea mmoja tu kila mwaka, mmemnunulia ngamia.

Mwisho, kumbukeni hofu ya Jabir, kwamba mmoja wao angekufa kabla. Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini mwaka 1963 sasa amepita themanini. Kila Ramadhani tunawasalia jeneza wazee waliosimama kwenye mikutano ya Mwambao na waliokaa na makadhi wa wakati ule. Karatasi za Kew zitangoja, wao hawatangoja. Basi anayetaka kuomba ruzuku mwaka ujao aanze kesho baada ya futari: achukue kalamu, aende kwa babu yake, amuulize. Na akirudi kutoka huko alikokwenda, nakala ya kazi yake ailete hapa mtaani, tuisome sote.

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, na atujaalie elimu yenye manufaa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.