Saa ya Tiketi na Saa ya Safari

Leo tutafanya hesabu ya safari ya eropleni. Shikeni penseli zenu.

Mzee mmoja wa Shinyanga alikata tiketi ya kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, ampeleke mjukuu wake hospitali. Tiketi iliandikwa 08:00. Mzee alizijua tarakimu. Akaona nane, akasema, "Saa nane mchana." Alipofika uwanjani saa sita, eropleni ilikuwa imekwisha tua Dar es Salaam zamani. Nauli ikapotea, na siku ya daktari ikapita.

Kosa lilikuwa wapi? Tiketi huhesabu saa tangu usiku wa manane. Sisi huhesabu tangu jua linapochomoza na linapokuchwa. Basi, kwa tiketi ya kuanzia 07:00, toa 6. Nane toa sita, baki mbili: saa mbili asubuhi. Tiketi ya 14:00? Kumi na nne toa sita, baki nane: saa nane mchana. Jibu likizidi 12, toa 12 tena. Hivyo 20:00 ni saa mbili usiku.

Sasa tupime umbali. Kwa barabara, Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, kwa kuwa njia hupita Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro. Eropleni haizunguki hivyo. Hukata moja kwa moja, na umbali wake ni kama kilomita 850. Tuseme inakwenda kilomita 600 kwa saa. Gawanya 850 kwa 600. Utapata saa 1 na dakika 25.

Lakini hiyo ni safari ya angani tu. Mtu wa Shinyanga huanza kwa kurudi kaskazini hadi Mwanza, yapata kilomita 165. Andikeni:

Basi hadi Mwanza: saa 3 na dakika 20.
Kituo cha basi hadi uwanjani: dakika 40.
Kungoja na kupimwa mizigo: saa 2.
Angani: saa 1 na dakika 25.

Jumlisheni. Ni saa 7 na dakika 25. Kwa tiketi ya 14:00, ondoka nyumbani saa mbili asubuhi, wala usichelewe. Utatua saa tisa na dakika 25.

Na ninyi wa Geita? Zamani mlingoja kivuko pale Busisi, na hakuna aliyejua atangoja muda gani. Tangu Juni 2025 mnapita juu ya daraja la kilomita 3. Mwanza haikusogea, muda ndio uliopungua. Kwa hiyo msafiri asiulize tu, "Ni mbali gani?" Aulize pia, "Nitachukua muda gani, na nitangoja wapi?"

Zoezi. Tiketi yako imeandikwa 16:00. Kutoka nyumbani hadi uwanjani ni saa 3, na yakupasa kufika saa 2 kabla ya eropleni kuruka. Eropleni itaruka saa ngapi kwa saa zetu? Utaondoka nyumbani saa ngapi? Andika majibu, kisha msomee jirani yako.

Yule mzee alisafiri tena, na safari hiyo alitoa sita. Kwaherini.