Soda ya Zero Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Tunaikataza kwa Sababu Ipi?

Mada kwa wauguzi na maafisa lishe wa kliniki za unene

Utangulizi



Swali hili kila mmoja wetu ameshaulizwa. Mgonjwa amefanyiwa upasuaji, kilo zinashuka, na siku ya kuruhusiwa aliambiwa soda basi. Mwezi wa pili anakuja kliniki na chupa kwenye mkoba: "Dada nesi, hii ni zero, haina sukari. Nayo imo kwenye katazo?" Tunamjibu upesi: "Imo, mama. Itakutanua tumbo." Anaitikia, anakwenda zake. Jumamosi yuko harusini, anakunywa nusu chupa, anacheua, anasubiri tumbo litanuke, halitanuki. Kuanzia siku hiyo hata tunayomwambia kuhusu vidonge vya vitamini anayasikiliza kwa sikio moja.

Hoja ya mada hii ni kwamba katazo letu ni sahihi kwa miezi ya mwanzo, lakini sababu tunayolitolea mara nyingi siyo. Sukari ikishaondolewa kwenye soda, yanabaki mambo matatu ya kupimwa, kila moja peke yake: gesi, utamu, na nafasi ambayo kinywaji hicho kinachukua.

1. Mfuko uliobaki

Huduma hii si ya kufuatwa ng'ambo tu tena. Hapa Tanzania, Hospitali ya Mloganzila wanaweka puto tumboni na kufanya upasuaji. Nairobi nako upo. Tutarajie wagonjwa wengi zaidi, wakiwemo waliofanyiwa nje ya nchi wanaorudi kufuatiliwa na sisi.

Aina mbili za upasuaji ndizo zinazotawala. Katika ya kwanza, kiasi cha robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi hukatwa na kutolewa, ukabaki mrija mwembamba unaochukua takriban mililita 100 hadi 150. Katika ya pili, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Edward Mason na Chikao Ito huko Iowa, Marekani, mwaka 1966, hutengwa kifuko kidogo sehemu ya juu na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mdogo. Kifuko hicho huchukua takriban mililita 30 tu, sawa na vijiko viwili vya mezani. Vipimo hivi tuvikumbuke, maana yanayofuata yote yanasimama juu yake.

2. Gesi

Hapa mezani nina chupa ya soda ya zero ya mililita 300. Naifungua, navisha puto la watoto mdomoni, naitikisa taratibu. Tazameni: povu linapanda, puto linasimama, linajaa. Soda za aina ya kola hushindiliwa gesi ya kaboni kiasi cha mara tatu na nusu hivi ya ujazo wake. Kwa hiyo chupa hii ndogo imebeba karibu lita nzima ya gesi. Nyingine hutoka wakati wa kumimina, nyingine hutoka kwa kucheua, lakini inayobaki hutokea ndani ya mfuko ambao tumeona ukubwa wake.

Wiki za mwanzo mfuko huo una mshono mbichi na umevimba. Gesi huleta maumivu, kujaa, kichefuchefu, pengine na kutapika, na kutapika ndiko tusikokutaka kabisa wakati huo. Kwa aliyebakiwa na mrija kuna jambo la ziada: shinikizo ndani ya mrija ni kubwa na kiungulia ni malalamiko ya kawaida, hivyo gesi inaongeza adha kwenye adha. Mwenye puto tumboni naye yumo humo humo. Na soda maji, isiyo na sukari wala kitu chochote kitamu, haina tofauti na zero kwenye hili.

Je, gesi inautanua mfuko moja kwa moja? Ushahidi wa hilo ni dhaifu. Gesi haikai, inapanda kwa kucheua au inashuka kwenye utumbo. Mfuko unaweza kupanuka kadiri miaka inavyokwenda, lakini kumtwika mnywaji wa soda mzigo wote huo ni kusema zaidi ya tunachokijua. Tumwambie mgonjwa lililo la kweli: itamuuma, itamjaza, itamchelewesha.

3. Utamu

Hapa zero ina haki yake. Soda ya kawaida ya mililita 300 ina takriban gramu 32 za sukari, vijiko vidogo vinane. Kwa aliyeunganishwa kifuko na utumbo, sukari hiyo ikishuka kwa kasi huweza kumletea mapigo ya moyo kwenda mbio, jasho, kizunguzungu na kuharisha. Zero haimfanyii hivyo. Kwa kipimo hiki, mgonjwa anayeacha soda na kukimbilia juisi ya miwa au ya embe kwa kuwa "ni ya asili" amehama moshi akaingia motoni: sukari yake inalingana na ya soda au kuizidi.

Vipi saratani? Mwezi Julai 2023 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliiweka aspatamu, moja ya vitamu vinavyotumika sana kwenye soda hizi, katika kundi la vitu "vinavyoweza" kusababisha saratani. Wakati huo huo kamati ya wataalamu wa viungio vya chakula iliacha kiwango kinachokubalika pale pale: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji kunywa makopo tisa au zaidi kwa siku kukivuka. Mgonjwa wetu hatafika huko.

Lililo zito zaidi kwake lilitangulia Mei mwaka huo. Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu visivyo sukari visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, kwa kuwa faida ya muda mrefu haikuonekana. Ushauri huo hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Kwa aliyejilipia upasuaji ili kubadili mazoea yake, ulimi unaozoezwa utamu kila siku ni kazi iliyobaki nusu.

4. Nafasi

Hapa ndipo ninapoomba tukae zaidi. Mwongozo wa kawaida unataka angalau lita moja na nusu ya vinywaji na gramu 60 za protini kwa siku, na mgonjwa asubiri nusu saa baada ya kula ndipo anywe. Pigeni hesabu. Kwa mikupuo ya mililita 30, lita moja na nusu ni mikupuo 50, na yote itafutiwe nafasi katikati ya milo. Siku nzima inakwisha. Mkupuo wa soda una maji, ni kweli, lakini gesi yake inamshibisha kabla hajafikia kiasi, na saa ile angeweza kunywa maziwa, mtindi au supu ya samaki. Wengi wa wagonjwa wanaorudi wakiwa na kizunguzungu na mkojo wa njano iliyokolea wamepungukiwa maji tu.

Kola ina mengine mawili: kafeini na asidi ya fosforasi. Wagonjwa hawa tayari wako hatarini kupungukiwa kalsiamu, hivyo kola ya kila siku si rafiki wa mifupa yao.

5. Soda ya ukarimu

Kwetu mgeni haulizwi kama atakunywa soda. Anaulizwa atakunywa soda gani. Harusini, msibani, kikaoni, kreti linapita. Ushauri usiojibu hali hii unaishia mlangoni pa kliniki. Tumpe mgonjwa maneno ya kusema: "Ahsante mama, naomba maji yasiyo ya baridi, daktari amenibana." Hakuna mwenyeji anayegombana na daktari.

6. Mapendekezo

(a) Miezi mitatu ya mwanzo: kinywaji chochote chenye gesi kisitumike, kiwe na sukari au kisiwe nayo. Daktari mpasuaji akitaka muda mrefu zaidi, afuatwe yeye.

(b) Baadaye, asiye na kiungulia na anayetimiza maji na protini yake anaweza kuonja zero mara moja moja, iliyomiminwa kwenye glasi na kuachwa gesi itoke, mbali na mlo. Isiwe kinywaji cha kila siku.

(c) Anayeshindwa kabisa kuacha soda, zero isiyo na gesi ni nafuu kuliko ya sukari. Tumwambie hivyo wazi, ili asije akatuficha.

(d) Sentensi ya "itatanua tumbo" iondoke kwenye vipeperushi vyetu. Mahali pake paandikwe: "Itakuuma, itakujaza, na itachukua nafasi ya maji na protini."

Maswali ya kujadili katika vikundi

Je, orodha ya vinywaji tunayowapa wagonjwa inataja juisi za mitaani? Nani kliniki kwenu humuuliza mgonjwa amekunywa kiasi gani cha maji jana, kabla ya kumuuliza kama amekunywa soda?