Dokta Kyaruzi na Karatasi ya Uhamisho

(Maneno niliyoyasema kwenye mkusanyiko wetu hapa Muscat)



Mimi si mwanasiasa, ni muuguzi. Lakini watu wa hospitali kuingia siasa si jambo jipya. Huko Marekani Dk. Benjamin Rush alikuwa miongoni mwa waliotia saini Azimio la Uhuru la 1776. Na sisi tunaye wetu, Dk. Vedast Kyaruzi wa Bukoba, aliyesomea udaktari Makerere.

Mwaka 1950 alichaguliwa rais wa TAA, Abdulwahid Sykes akawa katibu. Iliundwa kamati ndogo ya siasa, na ndani yake alikuwemo Sheikh Hassan bin Ameir, mzaliwa wa Zanzibar. Daktari na sheikh, Mkristo na Muislamu, meza moja. Wakapeleka maoni yao kwa kamati ya katiba ya Gavana Twining.

Serikali haikumfunga daktari. Ilimhamisha tu. Kwanza Kingolwira, karibu na Morogoro, baadaye Nzega. Mtumishi wa serikali atakataa vipi? Ndugu zangu, msiidharau silaha hii. Haina damu wala kesi. Ni karatasi moja tu, na mtu kaondoka.

Mimi naijua karatasi hiyo. Zamani, katika hospitali moja nyumbani, glavu zilikwisha wodi ya wazazi. Nikasimama kikaoni nikasema. Wenzangu waliolalamika pamoja nami kwenye chai waliinamisha vichwa. Wiki ya pili nikapelekwa stoo kuhesabu mashuka. Nikanyamaza, kisha nikatafuta kazi huku.

Kwa miaka mingi nilidhani kosa langu ni kusema. Sasa naona kosa ni kusema peke yangu. Alipoondolewa Kyaruzi, TAA ilipungua nguvu, tusidanganyane. Lakini haikufa, kwani walibaki wengine walioijua kazi. Mwaka 1953 Nyerere akachaguliwa rais wake, na tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU. Tanganyika ilipopata uhuru na kuingia Umoja wa Mataifa Desemba 1961, mwakilishi wake wa kwanza alikuwa nani? Dk. Kyaruzi. Aliyepelekwa Nzega asisikike Dar es Salaam, akaenda kusikika New York.

Basi nawaomba mambo mawili. Mlioko nyumbani, anaposimama muuguzi mmoja kusema dawa hakuna, msimwachie kiti peke yake. Wekeni majina yenu chini ya lake. Karatasi ya kumhamisha mmoja ni rahisi kuandika, ya kuhamisha wodi nzima ni ngumu.

Na sisi tulioko huku tusitosheke na kumsifu kwa mbali. Tumpigie simu siku ile karatasi inapomfikia. Mimi siku hiyo sikupigiwa na mtu.

Mkono mmoja haulei mwana. Wabillahi taufiq.